Tangulia Wewe

Magari mawili yaliyokuwa yakiongoza mbio yalikuwa yakigombea kuwa nyuma.

Sijui niseme vipi ili mtu asiyekuwapo aniamini. Tangu dunia iumbwe, watu wakishindana mbio hugombea kuwa mbele. Hata watoto wanaokimbilia bomba la maji wanalijua hilo. Lakini siku ile, kabla ya kona ya mwisho tuliyoiita Kiwiko, gari la dada yangu lilipunguza mwendo, na gari la mpinzani wake, lililokuwa limemganda mgongoni, likapunguza pia. Dada akapunguza tena. Mwenzake naye akapunguza. Injini zilizokuwa zikitutetemesha vifua zikashuka sauti, zikabaki kukoroma, na majukwaa yaliyofurika watu yakanyamaza. Kisha mtu mmoja akacheka, na kicheko kikasambaa. Walikuwa kama wageni wawili waungwana mlangoni: tangulia wewe, aa, tangulia wewe bwana.

Baba yangu, aliyekuwa amesimama kando yangu mbele ya gereji ya timu yetu uwanjani, alitoa mikono mfukoni.

"Gari zimeharibika?" aliuliza.

"Hapana, Baba."

"Basi wanacheza nini hawa?"

Nilitaka kumweleza, lakini maelezo yake yalianza mbali sana, na magari hayakuwa na muda wa kutusubiri. Nimeyabeba maelezo hayo miaka yote hii. Acha leo niyatue.

Baba alikuwa dereva wa mbio enzi ambazo ndani ya gari hapakuwa na kitu cha kubonyeza isipokuwa honi, nayo waliing'oa ili gari liwe jepesi. Walimwita Mposaji. Hakuwa na pupa ya kumpita mtu. Alimfuata mzunguko baada ya mzunguko, akamwonyesha pua kushoto, akamwonyesha kulia, akarudi nyuma kana kwamba amekata tamaa, mpaka yule wa mbele mwenyewe akachoka kujilinda na kuacha upenyo. "Kupita ni kuposa," alizoea kusema. "Unatuma maneno kwanza. Huvamii tu." Alipostaafu alifungua karakana ya breki, na Mama akawatangazia majirani kwamba hatimaye mume wake amejifunza kusimama.

Tulizaliwa wawili. Dada alirithi mguu wa Baba, mimi nikarithi vidole vyake. Yeye akashika usukani, mimi nikashika spana, na nyumba yetu haikuwa tena na mazungumzo mengine. Mama, aliyeamini kwamba mvua na bei ya sukari pia ni habari, alilalamika kwamba Mungu amempa familia ya watu wanaozunguka tu na kurudi walipoanzia.

Kisha likaja dirisha.

Lazima nilieleze, na nitalieleza kama nilivyomweleza Mama, maana yeye alielewa. Gari la mbio lina bawa kwa nyuma. Bawa la ndege huinua. Hili limegeuzwa, linakandamiza. Upepo unalipiga kwa juu, gari linang'ang'ania barabara, na ndiyo maana linakata kona kwa kasi ambayo gari la kawaida lingeishia shambani kwa watu. Lakini barabara ikinyooka, bawa hilohilo ni mzigo, kama kukimbia umefungua mwavuli. Isitoshe, magari yalikuwa yamefikia hatua kwamba aliye nyuma anakula upepo uliovurugwa na aliye mbele, anayumba, hawezi kumsogelea. Mbio zikawa msafara. Niliwahi kumwona bwana mmoja jukwaani akisoma gazeti lake lote, mpaka matangazo ya vifo.

Wakubwa wa mchezo wakaamua kwamba kibao cha juu cha bawa kiwe cha kufunguka. Dereva anabonyeza kitufe kwenye usukani, kibao kinalala, upepo unapita katikati, gari linachomoka. Sisi mafundi tukaliita dirisha. Halikufunguka ovyo, hata hivyo. Kabla ya Kiwiko palichorwa mstari wa njano uliokata barabara. Ukiuvuka mstari huo ukiwa nyuma ya mwenzako, na kati yenu hamna zaidi ya sekunde moja, mashine inakuruhusu kufungua dirisha kwenye barabara ndefu iliyonyooka mbele ya majukwaa. Aliye mbele haruhusiwi. Yeye kazi yake ni kupitwa huku anatazama.

Mimi ndiye niliyelitunza dirisha la gari la Dada. Nililainisha bawaba zake, nikakaza skrubu zake ndogo ndogo kwa mkono wangu mwenyewe, nikalifuta kwa kitambaa nilichomkataza kila mtu kukigusa. Mara ya kwanza kuliona likifunguka gari likiwa mbioni nilikuwa nimeegemea ukuta wa uwanja. Kitu kisichozidi upana wa kiganja kilijilaza, na gari zima, pamoja na dada yangu ndani yake, likavutwa mbele kana kwamba kuna mtu ameiinamisha barabara. Nilitokwa na machozi. Walioniuliza niliwaambia ni moshi.

Baba hakutokwa na chozi lolote. Dada aliposhinda mara ya kwanza msimu ule alikuja nyumbani na kikombe, akakiweka mezani katikati ya sahani. Mama alipiga vigelegele. Baba alinawa mikono, akakausha kidole kimoja kimoja, akakitazama kile kikombe kama mtu anayetazama risiti ya duka asilolijua.

"Nimeona kwenye televisheni," alisema. "Umempita wewe, au amepitwa na kitufe?"

"Nimempita mimi. Kitufe hakina mguu wa kukanyagia mafuta."

"Nguo ya kuazima haisitiri matako, mwanangu."

Mama akasema mambo ya matako hayaletwi mezani, lakini hakuna aliyecheka. Dada alikichukua kikombe chake, akaenda zake bila kugusa chakula.

Toka siku hiyo yakabaki maamkizi. Shikamoo, marahaba, mvua itanyesha, haitanyesha. Baba hakuwa mtu katili. Alikuwa hajui kusema asichokiona, basi. Angeweza kumsimamisha fundi viatu barabarani amsifie kwa mshono mmoja ulionyooka, lakini kumsifia binti yake kwa kitu alichokiona cha bure, ulimi wake haukuinuka. Na Dada, aliyeshangiliwa na majukwaa mazima, kila alipovua helmeti aliniuliza swali lilelile. Mzee ameona? Ameona. Amesemaje? Hajasema. Nilichoka kuwa mjumbe wa watu wawili wanaolala nyumba moja.

Msimu ulipoelekea ukingoni, Dada aliamua kwenda karakana ya breki, nami nikamfuata kwa sababu niliuona uso wake. Baba alikuwa chini ya lori. Iliyoonekana ni miguu tu. Dada akazungumza na miguu.

"Baba, njoo uwanjani kwenye mbio za mwisho. Mara moja tu. Uone kwa macho yako, siyo kwa televisheni. Ukiniambia huu si udereva, naacha siku hiyohiyo."

Miguu ikatulia. "Unajua mimi siwezi kukudanganya."

"Ndiyo maana nimekuja kwako."

"Na ukiacha utafanya nini?"

"Nitakuja hapa kulala chini ya malori."

 Kisha mkono ukajitokeza, umejaa grisi, ukaomba spana. Nikampa. "Nitakuja," alisema kutoka huko chini.

Njiani nilimwambia Dada kwamba ana wazimu. Nani anaweka kazi yake, tena kazi anayoipenda hivi, mdomoni mwa mzee mkaidi?

"Iko mdomoni mwake tangu niijue," alisema. "Nimechoka kungoja. Aiteme au aimeze."

Siku ya mbio Baba alikuja amevaa shati lake la arusini, limepigwa pasi mpaka kola inasimama yenyewe. Alisimama mlangoni mwa gereji kama mtu anayekuja kumwona mgonjwa. Bosi wetu, mwenye timu, alimletea kiti, Baba akashukuru, hakukaa. Alizunguka gari mara moja, akanijia nilipokuwa nimechuchumaa kwa nyuma.

"Nionyeshe hicho kitu."

Nilimpigia ukelele Injinia, ambaye kazi yake ilikuwa kuzungumza na Dada kwenye redio, amwambie abonyeze kitufe. Kibao kikalala. Baba aliingiza vidole kwenye ule uwazi, akavitoa upesi, kama mtu aliyelisha ng'ombe asiyemzoea.

"Ndiyo hiki tu?"

"Ndiyo hiki tu."

"Na upepo ndio unaofanya kazi yote."

"Upepo ulikuwepo hata enzi zenu, Baba. Mlikuwa hamjaufungulia."

Alinitazama. "Mama," alisema, ndivyo anavyoniita akitaka kunigombeza kwa upole. "Kumfungulia mtu mlango si kazi. Kazi ni kubisha mpaka ufunguliwe." Dada alikuwa ndani ya gari tayari, amefungwa mikanda, na nilijua amesikia. Hawakusalimiana.

Mpinzani wake mkuu aliitwa Kinyozi. Hakuwahi kumnyoa mtu. Walimpa jina hilo kwa sababu alipita karibu na kuta, na karibu na wenzake, mpaka rangi ikabaki kwenye matairi. Nyuma yao, mbali kidogo, alikuwako Mwalimu, aliyefundisha watu udereva siku za kazi na kushiriki mbio siku za mapumziko. Watu walimtania kwamba akipita huwasha taa ya ishara kwanza. Hao watatu ndio wa kuwaangalia. Wengine wote siku ile walikuwa wasindikizaji.

Mbio zilipoiva, Dada na Kinyozi wakajitenga. Ikaanza kazi ya dirisha. Dada anavuka mstari wa njano akiwa nyuma, anafungua, anampita Kinyozi mbele ya majukwaa, watu wanaruka. Mzunguko unaofuata Kinyozi yuko nyuma, anafungua, anampita Dada, watu wanaruka tena. Mzunguko unaofuata, vivyo hivyo. Uwanja ulikuwa umepagawa. Kwa mara ya kwanza nilitazama yote hayo kwa macho ya Baba, na sikupenda nilichokiona.

"Pembea," alisema. "Mmoja juu, mmoja chini. Hapa nani anaendesha?"

 Bawa nililolipenda, nililolifuta kwa kitambaa changu, lilikuwa likimhukumu dada yangu mbele ya macho yangu, na mimi ndiye niliyelikaza.

Hapo ndipo tulipofika mzunguko wa kabla ya mwisho, Dada akiwa mbele, na magari yale mawili yakaanza kugombea kuwa nyuma. Nilimwambia Baba kwa ufupi: anayevuka mstari akiwa nyuma ndiye atakayefungua dirisha, kwa hiyo hakuna anayetaka kutangulia. Baba alikunja uso. Siku hizi vijana wanasema ujanja ni kuwahi. Hapa ujanja ulikuwa kuchelewa. "Mwenda pole hajikwai!" mtu alipiga kelele kutoka jukwaani, na watu wakawa hawana mbavu. Nilisikia aibu. Huku nyuma, Mwalimu aliyekuwa amesahauliwa alianza kuonekana, kwanza doa, kisha gari.

Dada alishindwa kuvumilia. Alikanyaga mafuta, akawa wa kwanza kuuvuka mstari, na Kinyozi akavuka nyuma yake kwa raha zake. Barabara iliponyooka, dirisha la Kinyozi likafunguka, akampita Dada kama mtu anayechukua chenji yake. Bosi alitupa kofia chini. Mzunguko wa mwisho ukaanza, Kinyozi mbele, Dada nyuma, na Mwalimu sasa akiwa anawasogelea wote wawili.

 Nilimtazama Baba pembeni na nikaona midomo yake ikijipanga, jinsi inavyojipanga anapotaka kumwambia mteja kwamba gari lake halitengenezeki. Alikuwa akitafuta maneno ya kumwambia binti yake aache. Alikuwa akiyatafuta kwa huruma, na hilo ndilo lililonivunja moyo.

Ingekuwa rahisi sana, kwa sababu sasa Dada ndiye aliyekuwa nyuma. Alichotakiwa kufanya ni kubaki hapohapo mpaka mstari wa njano, afungue dirisha, ampite Kinyozi, ashinde. Injinia alimwimbia hilo kwenye redio kama bembelezo. "Kaa nyuma yake. Hapohapo. Usimpite. Narudia, usimpite."

Bila shaka Kinyozi naye alilijua. Walipotoka kwenye kona za katikati na kuelekea Kiwiko alipunguza mwendo. Dada akapunguza. Kinyozi akapunguza zaidi, akasogea upande wa ndani, akamwachia barabara nzima, kama mwenye nyumba anayekushikia pazia upite. Dada akapunguza zaidi. Majukwaa yakaanza kucheka upya. Nilisikia injini ya Kinyozi ikishuka, gia baada ya gia, mpaka ikawa inatetemeka kama pikipiki ya zamani.

"Usimpite," Injinia alisema.

Mlio wa gari la Dada ukabadilika.

Nimeyasikia magari tangu nikiwa tumboni mwa mama yangu, na bado sina neno la mlio ule. Alikanyaga mafuta yote kwa mkupuo mmoja. Alipita kwa nje, upande ambao hakuna anayeutumia, kwa sababu huko ndiko hujaa makombo ya mpira yanayobanduka kwenye matairi mbio nzima, na kuyakanyaga ni kama kukanyaga mtama uliomwagika sakafuni. Injinia alivua vipokea sauti, akaviweka mezani. Bosi alishika kichwa.

"Amekosea," Baba alisema kwa sauti ndogo, na sijawahi kumsikia akiwa na huzuni namna ile.

Hata mimi nilidhani hivyo. Alikuwa amechukua kile hasa Kinyozi alichokuwa akimpa. Alikuwa mbele, na aliye mbele hupitwa. Lakini nilipogeuka kutazama nilimwona Kinyozi bado yuko palepale, amekwama kwenye gia ya chini kabisa, injini inalia lakini gari haliendi, na Dada tayari ameuvuka mstari wa njano, anaingia Kiwiko kwa kasi, gari linateleza juu ya makombo, mkia umemtoka, anaurudisha, unamtoka tena, anaurudisha. Kinyozi alipokuja kuufikia mstari, kioo cha muda mbele ya Injinia kiliwaka.

"Ni zaidi ya sekunde," Injinia alisema. Kisha akapaza sauti: "Hana dirisha! Kinyozi hana dirisha!"

 Ndipo nilipoelewa, na nadhani uwanja mzima ulielewa kwa pamoja, maana kicheko kilikatika na ikasikika sauti kama ya watu wengi kuvuta pumzi mara moja. Kinyozi alikuwa ameshughulika mno na kuchelewa mpaka akasahau kwamba yuko mbioni, na Dada alimpa zawadi aliyoiomba, ila alimpa kabla hajanyoosha mikono kuipokea. Kitufe hakikubonyezwa. Hofu ya kitufe iliyomganda Kinyozi ndiyo iliyompitisha Dada. Mtu alikuwa amechukua sheria ya kijinga, mstari wa rangi tu barabarani, akaifumua na kuishona upya mbele ya macho yetu, kwenye mwendo ambao mimi ningeshindwa hata kukumbuka jina langu. Mkono wa Baba ulikuwa begani mwangu. Sijui aliuweka saa ngapi. Ulikuwa unanibana mpaka ukaniachia alama.

Laiti mbio zingeishia pale. Lakini vita vya panzi ni furaha ya kunguru, na kunguru wetu alikuwa Mwalimu. Hakuwa amesimama kupimana na mtu. Alikuja na mwendo wake wote, akauvuka mstari wa njano akiwa ameganda mgongoni mwa Kinyozi, na sheria ni sheria: dirisha lake likafunguka. Alimpita Kinyozi kama anapita nguzo. Dada alikuwa mbele, matairi yake bado yamebeba makombo ya Kiwiko, anasukuma kwa kila alichonacho. Nilimwona Mwalimu akija, nikaona kile kibao kidogo kimelala nyuma ya gari lake, kizuri, kimetulia, kinafanya kazi yake bila kosa. Alimpita Dada kwenye mstari wa kumalizia kwa urefu wa pua.

Nusu ya uwanja ililia wizi, nusu ilicheza. Hata leo ukikuta watu wa mbio wamekaa, waulize tu kuhusu siku ile kisha ujitoe kando. Wapo wanaosema dirisha liliuchafua mchezo. Wapo wanaosema bila dirisha wasingeona kitu kama kile maishani. Mimi, niliyelifuta dirisha kwa kitambaa, nimewahi kuwa upande huu na upande huo, wakati mwingine katika maongezi yaleyale.

Wakati ule sikuwaza hayo. Nilimwaza Baba. Alikuwa amepata ushahidi wote alioutaka. Mtu amebonyeza kitufe, akachukua kilichotengenezwa na kichwa cha mwingine. Ningekuwa mimi, ningesema: niliwaambia.

Dada alileta gari gerejini, akatoka, akavua helmeti. Mashavu yake yalikuwa na mikunjo iliyoachwa na sifongo ya ndani ya helmeti na jasho lilimtiririka mpaka shingoni. Wa kwanza kumfikia alikuwa Mwalimu, ameshikilia glovu zake mbele kama mtu aliyekuja kuomba msamaha wa kuvunja dirisha la jirani.

"Samahani, dada yangu. Nilikuta mlango uko wazi."

"Usiniombe samahani, Mwalimu. Nenda wakakupe kikombe chako." Alimpiga begani, akamgeuza kwa upole, akamsukuma aende. Kisha akatembea moja kwa moja mpaka alipo Baba. Mafundi wote tukajifanya tunatafuta kitu sakafuni.

"Haya," alisema. "Sema."

 "Ulijuaje," Baba aliuliza, "kwamba atashuka mpaka gia ya kwanza?"

"Baba, sikukuuliza hilo."

"Mimi ndiye ninayekuuliza."

"Nimepitwa na kitufe mbele ya macho yako. Sema neno lako nikaoge."

"Mwache yule na kitufe chake." Baba alitikisa mkono kuelekea kule walikokuwa wakipiga makofi, bila kugeuka. "Nakuuliza kwa sababu sijui. Nimekaa kwenye usukani nusu ya maisha yangu na hili silijui. Ulijuaje?"

Kwetu, mtu anayemjua Baba angeacha kufanya alichokuwa akifanya. Huyu ni mzee ambaye akipotea mji wa ugenini haulizi njia, atazunguka mpaka petroli iishe. Sikuwahi kumsikia akisema hajui jambo lolote lenye magurudumu. Dada naye alilisikia, maana mabega yake yalishuka, na ghafla akaonekana amechoka sana. Alitafuta pa kukaa, akakaa juu ya tairi. Baba akakaa juu ya tairi la pili, na shati lake la arusini.

"Mzunguko wa kabla ya mwisho," Dada alianza, "nilimwachia makusudi."

"Makusudi?"

"Nilimpa aonje. Ajue kwamba tukipimana nani mvumilivu, mimi ndiye ninayevunjika. Nilijua mara ya pili atangoja zaidi, kwa sababu mara ya kwanza kungoja kumemlipa."

"Eeh."

"Halafu nikaacha kumtazama, nikasikiliza gia zake. Ya tatu. Ya pili. Nilipoisikia ya kwanza nikajua hana tena pa kushuka." Mikono yake miwili ilikuwa imeshakuwa magari, wa kushoto ukiwa Kinyozi, wa kulia ukiwa yeye. "Sasa mimi nikatoka hivi—"

"Ngoja," Baba alisema.

Aliushika mkono wa kushoto wa Dada, akaushusha taratibu akauweka gotini kwake. Mahali pake, hewani, kati yao wawili, akaweka mkono wake mwenyewe, ule wenye grisi isiyotoka kwenye kucha.

"Kinyozi ni mimi," alisema. "Haya, nipite. Polepole, nione."

Nilikuwa na bawa la kufungua na gari la kupakia, na Bosi alikuwa ananiita. Sikwenda. Nilisimama nikamtazama dada yangu akiuleta mkono wake nyuma ya mkono wa Baba, akingoja, akingoja tena, kisha akiupitisha kwa nje, na macho ya mzee yakiufuata mpaka ulipofika mbele kabisa.